Swali ni Lini: Kuzimikazimika kwa Kompyuta Ndogo ya Runinga Shimoni

Shimoni, kijiji cha wavuvi kilicho kusini mwa kaunti ya Kwale karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe unaotazamana na kisiwa cha Wasini, na jina lake lenyewe linatokana na mapango yaliyomo katika mwamba huo. Upepo unaoingia madirishani umetoka baharini ukiwa umebeba chumvi, na umeme unaowasha taa umesafiri mwendo mrefu wa nyaya kabla ya kufika ncha hiyo ya nchi kavu. Mambo hayo mawili, yaani upepo wa chumvi na umeme wa mwisho wa laini, ndiyo yanayoamua umri wa friji ya samaki, wa king'amuzi, wa redio, na siku hizi wa kompyuta ndogo inayofichwa nyuma ya runinga ili familia itazame filamu, isikilize taarabu na mawaidha, na watoto wapate katuni zao bila kununua bando za intaneti.

Kompyuta ya aina hiyo ni ubao mmoja wenye ukubwa wa kadi ya benki, au kisanduku kinachoenea kiganjani, usio na skrini wala kibodi yake. Huunganishwa na runinga kwa kebo ya HDMI inayopitisha picha na sauti pamoja, na mfumo wake endeshi, yaani programu kuu inayosimamia programu nyingine zote, huhifadhiwa katika kadi ya memori kama ile ya simu. Mashuhuri zaidi ni Raspberry Pi, ubao uliotolewa nchini Uingereza tarehe 29 Februari 2012 kwa nia ya kuwapa vijana kompyuta ya bei nafuu ya kujifunzia kuandika programu, lakini ambao haukuchukua muda kuingia sebuleni, kwa kuwa uliweza kuonyesha video safi huku ukila wati chache tu. Programu inayotumiwa sana juu yake ni Kodi, iliyozaliwa kwa ajili ya mashine ya michezo ya Xbox na kuitwa XBMC hadi mwaka 2014, nayo mara nyingi huwekwa pamoja na mfumo endeshi mwepesi uitwao LibreELEC. Nchini Kenya, ambako matangazo ya analogia yalizimwa mwaka 2015 na kila nyumba ikazoea kisanduku kando ya runinga, kifaa kama hicho hakishangazi tena. Kinachowashangaza wengi ni kwamba, tofauti na king'amuzi, hicho ni kompyuta kamili, na kwa hiyo huugua maradhi yote ya kompyuta.

Ugonjwa unaolalamikiwa zaidi ni kuzimika ghafla katikati ya matumizi, na dawa inayokimbiliwa kwanza ni kufuta programu yote na kuiweka upya, kwa dhana kwamba kuna virusi au kwamba programu imechoka. Dawa hiyo hufanya kazi siku mbili tatu, kisha kifaa kinarudia tabia yake, na mwenye nyumba anashawishika kwamba ameuziwa kitu kibovu. Kosa liko katika swali lililoulizwa. Mtu anayeuliza kifaa kina nini hujibiwa kwa kubahatisha, ilhali anayeuliza kinazimika lini huanza kupata ushahidi, kwa sababu kila chanzo cha kuzimika kina saa zake: umeme hafifu hujitokeza jioni, joto hujitokeza alasiri, diski inayonyonya umeme hujitokeza inapoanza kuzunguka, na faili mbovu hujitokeza katika dakika ileile ya filamu ileile. Karatasi iliyobandikwa kando ya runinga, ikiandikwa saa ya kila tukio kwa muda wa wiki moja pamoja na kilichokuwa kikitendeka nyumbani wakati huo, humsaidia fundi kuliko maelezo marefu yanayotolewa dukani.

Sambamba na saa, namna ya kuzimika nayo ina maana yake. Kompyuta inayokata picha na mara ikaanza kujiwasha upya yenyewe kwa kawaida imekosa umeme wa kutosha kwa sehemu ndogo ya sekunde. Inayoganda, yaani picha ikasimama, na pengine sauti ikarudiarudia neno moja kama sahani ya santuri iliyokwaruzika, huwa bado ina umeme lakini kichakataji chake, ambacho ndicho ubongo wa mashine, kimeshindwa kuendelea, na hapo hushukiwa memori, kadi au joto. Ama ile ambayo filamu hujifunga na mtazamaji akajikuta amerudishwa kwenye menyu huku kifaa kikiwa hai, hiyo ndiyo pekee kati ya hizo inayostahili kuanza kuchunguzwa upande wa programu.

Uchunguzi basi huanzia ukutani. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, lakini kipimo hicho hupungua kadiri nyumba inavyokuwa mbali na transfoma na kadiri majirani wanavyowasha vyombo kwa pamoja, ndiyo maana saa za magharibi, taa, pasi na runinga zinapowashwa kwa mpigo, balbu huonekana kufifia. Katika kijiji cha wavuvi huongezeka mafriza ya samaki, na mota ya friza inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikiwa imeshaanza, kwa hiyo chombo kingine kilicho kwenye soketi hiyohiyo, au kwenye ekstensheni hiyohiyo, hupata mshtuko wa sehemu ya sekunde. Adapta ya kompyuta, kile kichwa cha chaja kinachobadilisha volti 240 kuwa volti 5, ina akiba ndogo ya umeme ndani ya kapasita zake, yaani vijipipa vinavyohifadhi chaji, na akiba hiyo inaweza kuvumilia pengo la milisekunde chache tu. Umeme wa Kenya una mawimbi 50 kwa sekunde, maana yake wimbi moja huchukua milisekunde 20, na kukosekana kwa mawimbi mawili au matatu, jambo ambalo jicho huliona kama taa kupepesa mara moja, kunatosha kuiangusha kompyuta.

Kwa hesabu hiyo, kukatika kwa umeme kunakotangazwa katika habari hakumchanganyi anayetafuta chanzo cha kuzimika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa saa nyingi, na hakuna aliyejiuliza kwa nini runinga ilizimika. Kupepesa kwa nusu sekunde ndiko kunakochanganya, kwa sababu taa zinaendelea kuwaka, feni inaendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki nayo, runinga yenyewe inastahimili, na kompyuta peke yake ndiyo inayoanguka, kwa hiyo ndiyo inayobeba lawama.

Baada ya soketi huja adapta, na baada ya adapta huja kebo, na hapo pana siri ambayo wengi hawaijui hata baada ya kubadilisha vifaa viwili vitatu. Raspberry Pi ya toleo la tatu inahitaji adapta inayoweza kutoa ampea 2.5, na ya toleo la nne ampea 3, zote kwa volti 5.1, ilhali chaja ya zamani ya simu hutoa ampea 1 tu. Chaja mpya iliyoandikwa wati nyingi nayo si lazima ifae, maana nguvu yake kubwa hupatikana pale tu simu na chaja zinapokubaliana kupandisha volti, na kompyuta ambayo haijui kuomba hivyo hubaki na kiwango cha chini cha volti 5. Lakini hata adapta iliyo bora inaweza kuangushwa na kebo. Waya mwembamba unaotiwa katika kebo nyingi za bei nafuu una ukinzani, yaani kule kuuzuia umeme usipite kwa urahisi, wa takriban omu 0.21 kwa kila mita, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, kebo ya mita moja ina takriban omu 0.42. Kompyuta ikivuta ampea 1.5 wakati wa kuonyesha filamu, kebo hiyo inakula volti 0.63 njiani, na kati ya volti 5.1 zilizotoka kwenye adapta zinafika volti 4.47. Waya mnene wenye ukinzani wa omu 0.033 kwa mita, katika hali hiyohiyo, ungekula volti 0.1 tu. Kebo hizo mbili zinaweza kuwa na rangi moja, urefu mmoja na kichwa kimoja, na mwenye duka akazitundika kwenye msumari mmoja.

Waundaji wa Raspberry Pi walilijua tatizo hilo, wakaipa mashine yao jicho la kulitazama. Umeme ukishuka chini ya volti 4.63, alama ndogo ya radi yenye rangi ya manjano hujitokeza kwenye kona ya juu ya skrini, na baadhi ya matoleo ya mfumo endeshi huonyesha badala yake onyo la maandishi. Watazamaji wengi huiona alama hiyo na kuichukulia kuwa nembo tu. Aliye tayari kuandika amri anaweza kuuliza zaidi: amri ya vcgencmd get_throttled huleta jibu la tarakimu, ambapo 0x0 ina maana kwamba hakuna lililotokea tangu mashine ilipowashwa, 0x50005 kwamba umeme uko chini wakati huohuo na mashine imepunguza kasi ili ijiokoe, na 0x50000 kwamba jambo hilo lilitokea hapo awali ingawa sasa limepita. Jibu hili la mwisho ndilo lenye thamani zaidi kwa kijiji kilicho mwisho wa laini, kwa kuwa fundi anayekuja saa nne asubuhi, wakati umeme umetulia, bado anaweza kusoma kilichotokea usiku, mradi mashine haijazimwa wala kujiwasha upya tangu wakati huo.

Diski ya nje inayowekewa filamu huongeza mzigo. Diski ya mkononi yenye sahani inayozunguka inaweza kuvuta karibu ampea 1 inapoanza kuzunguka, na matundu yote ya USB ya Raspberry Pi ya toleo la tatu na la nne kwa pamoja yamewekewa kikomo cha ampea 1.2. Panapounganishwa diski, kibodi na kipokezi cha rimoti kwenye ubao mmoja, nafasi inayobaki ni finyu sana, ndiyo maana nyumba nyingi hupata kwamba kompyuta hutulia kwenye menyu kwa saa nzima na huanguka mara tu filamu ya diski inapochaguliwa. Tiba yake ni kitovu cha USB chenye adapta yake, kinachoipa diski umeme bila kupitia kwenye ubao.

Mwenye nyumba anayetafuta akiba ya umeme hujaribiwa kutumia pawabenki, naye anapaswa kujua kwamba pawabenki nyingi hukata umeme kwa kitambo kifupi zinapohama kutoka kuchajiwa kwenda kutoa, kitambo ambacho simu haikihisi lakini huiangusha kompyuta. Vile visanduku vidogo vyenye betri vinavyouzwa kwa ajili ya ruta za intaneti vimetengenezwa visiwe na pengo hilo, na hufaa zaidi, ilimradi tundu lake la volti 5 litoe ampea zinazotakiwa. Nyumba inayotegemea sola, kwa upande wake, ina faida ambayo haisemwi vya kutosha: kibadilishi kizuri kinachoshusha volti 12 za betri kuwa volti 5 huipa kompyuta umeme mtulivu kuliko ule wa ukutani, ila betri ikichoka usiku wa manane kuanguka kwake huwa kwa taratibu na kwa kurudiarudia, na kurudiarudia huko ndiko kunakoiua kadi.

Umeme ukishathibitishwa kuwa salama, zamu ya chumvi inafika, nayo Shimoni si jambo la kupitwa haraka. Chumvi ya kawaida ikiwa kavu haipitishi umeme, lakini ina tabia ya kunyonya maji yaliyomo hewani, na unyevunyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi huyeyuka yenyewe na kugeuka kuwa utando mwembamba wa maji ya chumvi, ambao unapitisha umeme vizuri sana. Hewa ya pwani huvuka kiwango hicho usiku na kurudi chini yake mchana mara kwa mara, kwa hiyo utando huohuo hulowa na kukauka, hulowa na kukauka, na kila unapolowa huila shaba kidogo. Hivyo ndivyo inavyoelezeka kompyuta inayosumbua alfajiri na usiku, hasa wakati wa masika na mwanzo wa kusi, kisha ikawa njema adhuhuri jua linapowaka, hata fundi akaondoka akisema hakuona kasoro.

Dalili yake huonekana kwa macho mtu akiwa na subira na tochi ya simu. Ndani ya tundu la kebo ya umeme, au kwenye vijiti vya shaba vya kichwa cha HDMI, huota unga wa kijani kibichi au wa buluu iliyopauka, mwembamba kama ukungu wa mkate, na mahali ambapo dhahabu iliyopakwa juu ya kijiti imetoboka huonekana kidoa cheusi. Kijiti kilichooza hivyo kina ukinzani mkubwa kuliko kebo nzima, na hesabu ya volti iliyotangulia inajirudia, safari hii ikiwa imehamia kwenye nukta moja ndogo kuliko punje ya mtama. Baadhi ya watu hutatua jambo hili bila kujua, kwa kuichomoa kebo na kuichomeka tena, kitendo kinachokwangua uchafu na kurudisha uhai kwa siku kadhaa.

Usafishaji wake unafanana na desturi ambayo mafundi wa mashine za boti wanaifuata kila siku ufukweni, ya kuisuuza injini kwa maji ya kisima inapotoka baharini ili chumvi isikaukie ndani, tofauti ikiwa kwamba ubao hausuuzwi kwa maji ya kisima bali kwa spiriti safi ya isopropili, inayoyeyusha uchafu na kukauka bila kuacha kitu, kwa kutumia mswaki laini na mashine ikiwa imechomolewa kabisa. Spiriti ya dukani ya kusafishia vidonda haifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa ina maji mengi na pengine mafuta, na petroli au thina huweza kuyeyusha plastiki. Dawa maarufu ya kukifukia kifaa ndani ya mchele nayo haina msaada hapa: mchele hata ukivuta unyevu hauondoi chumvi, na vumbi lake huingia matunduni. Kinachosaidia ni kukihamisha kifaa kutoka dirisha linalotazama mkondo wa Wasini hadi ukuta wa ndani, kwa sababu chembe za chumvi ni nzito na nyingi hutua karibu na mahali zinapoingilia.

Wadudu nao wasisahaulike. Mjusi kafiri hupenda joto la adapta, na sisimizi hutaga ndani ya visanduku vilivyo kimya. Mafundi wa pwani wamezoea kufungua kifaa na kumkuta mkosaji akiwa amekaukia kazini.

Joto linalaumiwa kuliko linavyostahili. Ni kweli kwamba miezi ya kaskazi, hasa kati ya Januari na Machi, hewa ya alasiri hupita nyuzi 30, na kwamba desturi za sebule hazikufikiria kompyuta: kifaa huwekwa ndani ya kidaka kisichopitisha upepo, au nyuma ya runinga inayotoa joto lake, kisha kikafunikwa kwa kitambaa cha kufuma kilichoshonwa kwa ustadi ili vumbi lisiingie. Hata hivyo Raspberry Pi imefundishwa kujilinda, kwani kichakataji kikikaribia nyuzi 80 huanza kupunguza kasi, na kikifika nyuzi 85 hupunguza zaidi, hivyo dalili ya kwanza ya joto ni filamu kukatakata na menyu kuwa nzito, wala si kuzimika. Kinachozimika kwa joto mara nyingi ni adapta. Kapasita za ndani yake zina majimaji yanayokauka, na kanuni ya kawaida ya wahandisi ni kwamba umri wake hupungua kwa nusu kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, kwa hiyo adapta iliyofungiwa nyuma ya kabati inaweza kuwa imezeeka huku ikionekana mpya. Kasha la aluminiamu linalogusana na kichakataji na kusambaza joto lake lafaa kuliko feni ndogo, kwani feni huvuta ndani ya kasha hewa ileile yenye chumvi.

Kadi ya memori huumwa na yote yaliyotajwa, na ndiyo maana watu huichukulia kuwa chanzo wakati aghalabu ni mhanga. Ndani yake hakuna kinachozunguka. Kuna mabilioni ya vyumba vidogo vya chaji vilivyopangwa katika mafungu, na haiwezekani kubadilisha herufi moja bila kulifuta na kuliandika upya fungu zima. Umeme ukikatika katikati ya tendo hilo, fungu linabaki nusu kuandikwa, na kwa kuwa kadi huhamishahamisha data yenyewe ili vyumba visichakae upande mmoja, kinachopotea si lazima kiwe kile kilichokuwa kikiandikwa. LibreELEC hupunguza hatari hiyo kwa kuweka mfumo wenyewe katika faili iliyobanwa ambayo husomwa tu bila kuandikwa, lakini orodha za filamu, picha za majalada na mipangilio huandikwa kila siku. Desturi ya kuzima soketi ukutani kabla ya kulala, ambayo ni ya busara kwa pasi na kwa hofu ya radi, kwa kompyuta ni sawa na kukatika kwa umeme kila usiku. Inapasa kwanza iamriwe kuzima kwa rimoti, isubiriwe taa yake ya kijani iache kumetameta, ndipo soketi izimwe.

Kuna pia kadi bandia, ambazo zimeandikwa ukubwa wa gigabaiti 128 ilhali ndani yake mna 16. Kadi ya namna hiyo huikubali filamu ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mipaka yake ya kweli ikijaa hairipoti kosa lolote bali huandika juu ya yaliyotangulia, mpaka siku inapojiandikia juu ya mfumo endeshi na mashine ikagoma kuwaka. Programu za bure kama H2testw na F3 huijaza kadi yote kisha huisoma tena ili kulinganisha, na uongo wa lebo hujulikana mchana kweupe. Kwa mashine inayowaka saa nyingi, kadi zinazotengenezwa kwa ajili ya kamera za ulinzi ni ghali kidogo lakini huvumilia kuandikwa mara nyingi zaidi.

Yote hayo yakiwa yamekaguliwa ndipo programu inapoitwa kutoa ushahidi, na njia fupi ni kuchukua kadi nyingine, kuiwekea mfumo mpya usio na nyongeza yoyote, na kuiacha mashine iendeshe filamu ileile usiku ule ule. Ikianguka tena, programu imeachiliwa huru. Isipoanguka, kadi ya zamani inarudishwa na kuchunguzwa. Kodi huandika kumbukumbu ya kila inachofanya katika faili iitwayo kodi.log, na inapoanza upya huibadilisha ile ya awali jina kuwa kodi.old.log, hivyo anayetafuta sababu ya anguko husoma mistari ya mwisho ya faili hii ya pili, si ya kwanza kama wengi wanavyofanya. Filamu inayoanguka dakika ileile huwa imeharibika wakati wa kunakiliwa, au imefinywa kwa njia ambayo ubao hauwezi kuifumua: Raspberry Pi ya toleo la tatu, kwa mfano, haina sehemu maalumu ya kufumua video za HEVC, njia mpya ya kupunguza ukubwa wa video, na inalazimika kuifanya kazi hiyo kwa kichakataji kizima, ikipata joto na kuvuta umeme zaidi, ilhali toleo la nne lina sehemu hiyo. Nyongeza zinazoahidi mechi na filamu za bure nazo ni chanzo cha kawaida cha kuganda, na huondolewa moja moja, kwa sababu anayeziondoa zote kwa pamoja hatajua ni ipi iliyokuwa na kosa.

Vile visanduku vya Android visivyo na jina linalojulikana vinahitaji tahadhari ya namna nyingine. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya Marekani ya Human Security walieleza mtandao wa uhalifu walioupa jina BADBOX, ambapo visanduku vya runinga vya bei ya chini vilikuwa vikifika kwa mnunuzi vikiwa tayari na programu haramu ndani yake, inayotumia intaneti ya nyumba hiyo kwa manufaa ya watu wengine. Kisanduku kinachopata joto na kujifunga hali hakuna anayekitumia, huku bando zikiisha kabla ya wakati, hakitibiwi kwa kebo nene, na kwa kuwa maradhi yake yamo ndani ya mfumo uliotoka nao kiwandani, hata kukirudisha katika hali ya upya hakukiponyi.

Kwa mashine iliyobaki, iliyopata adapta yake halali, kebo nene na matundu yaliyosafishwa, kazi ya mwisho ni kuinakili kadi yake nzima kwenye kadi ya pili siku ambayo kila kitu kinakwenda sawa, kuandika tarehe juu yake kwa kalamu isiyofutika, na kuihifadhi ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana, mbali na dirisha la upande wa bahari. Kopo hilo hufunguliwa kusi inapoanza kuvuma, wakati ambao pia matundu ya ubao hutazamwa tena kwa tochi.